Mgeni wa meli na siku moja ya pwani ya kusini: namna ya kuipanga

Shemeji yangu alipoandika kutoka Hamburg kwamba meli yake itafunga gati Mombasa kwa siku moja tu, swali lake, kuhusu ufuo wa Diani kusini ya Mombasa, lilikuwa fupi: "Diani tutafika?" Nikamjibu tutafika. Baadaye nikakaa na kalamu, nikaona kwamba jibu langu lilikuwa la moyo, si la hesabu. Kufika kunategemea mambo matatu ambayo yeye hakuyajua na mimi sikuwa nimeyapima: saa ambayo meli inafunga mlango, hali ya kivuko cha Likoni siku hiyo, na umri wa mwezi angani.

Tangu hapo nimepokea wageni wa meli mara kadhaa, na mpango umenyooka. Nauandika kwa yeyote anayempokea jamaa au rafiki anayeshuka bandari ya Kilindini, kwa dereva kijana anayeanza kazi hii, na pia kwako wewe unayefanya kazi melini na umepewa siku moja ya kukanyaga nchi kavu.

Hatua ya kwanza: hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo

Usianze kwa kuuliza meli inafika saa ngapi. Uliza saa ya mwisho ya kupanda. Hiyo si saa ya kuondoka. Kwa kawaida abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa hadi saa nzima kabla meli haijang'oa nanga, na saa hiyo huandikwa kwenye ratiba ya siku ambayo mgeni hupewa chumbani mwake. Mwambie aipige picha akutumie.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mgeni aliyenunua matembezi ya meli yenyewe, basi lake likikwama meli humsubiri. Aliyetoka kivyake, yaani wa kwako wewe, hasubiriwi. Akiachwa atatafuta mwenyewe namna ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata, kwa gharama zake. Kwa hiyo siku hii yote imekaa mabegani mwako.

Halafu linganisha saa. Baadhi ya meli hazibadilishi saa zake kila zinapoingia nchi mpya, kwa hiyo saa ya melini inaweza kutofautiana na ya Kenya kwa saa nzima. Muulize: "Sasa hivi saa ya meli inasema ngapi?" Ulinganishe na simu yako.

Na hili la saa zetu, tafadhali lichukulie kwa uzito. Ukimwambia mgeni "saa kumi", yeye anasikia 10:00 ya asubuhi, na wewe unamaanisha 16:00. Hata dereva wa bara aliyezoea kusema saa kwa Kiingereza anaweza kukuchanganya. Kila saa ninayomwandikia mgeni au dereva naiandika kwa tarakimu za saa 24, kisha naitamka kwa Kiswahili.

Tuchukue mfano wa meli inayofunga gati saa moja asubuhi (07:00) na saa ya mwisho ya kupanda ni saa kumi na moja jioni (17:00). Mgeni huonekana ana saa kumi. Hana. Ukaguzi na kushuka hula muda, na mara nyingi nampata mkononi saa mbili na nusu (08:30). Upande wa pili, nataka awe kwenye lango la bandari saa kumi (16:00), saa nzima kabla. Kutoka Diani hadi langoni, nikiweka ndani kivuko na foleni yake, natenga saa mbili na nusu. Basi gari linaondoka Diani saa saba na nusu mchana (13:30). Tukifika Diani saa nne na nusu (10:30), kilichobaki ni saa tatu. Siku nzima ya shemeji yangu ilikuwa saa tatu! Ukishaiona namba hiyo kwenye karatasi hutajaza tena orodha ya mambo tisa.

Hatua ya pili: angalia mwezi

Wageni wengi hudhani bahari iko palepale muda wote, na hata sisi tuliozaliwa hapa, tukikaa mjini sana, tunasahau. Mwambao wetu una maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mahali palipo na kina cha kuogelea asubuhi, mchana unaweza kupakuta mchanga mtupu.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au mpevu, maji ni ya bamvua. Siku hizo, Mombasa, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa hadi kama saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata hali hiyo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, kujaa kwake ni kwa kiasi, na huwa juu asubuhi na chini alasiri. Ukijua tarehe ya meli na kalenda ya mwezi umejua nusu ya siku yako itakavyokuwa. Jedwali la maji lipo mtandaoni pia, lakini mvuvi yeyote wa Likoni au wa Mwaepe, Diani, atakwambia bila kufungua simu.

Siku ya bamvua saa tatu zako zinaangukia maji yakiwa yamepwa. Usimwahidi mgeni kuogelea. Mwahidi kutembea: mwamba unakuwa wazi, vidimbwi vinabaki na samaki wadogo, kaa na viti vya pweza, na mafungu ya mchanga yanatokeza meupe katikati ya maji. Avae viatu vya mpira, kwa sababu kwenye mashimo ya mwamba kuna wale wanyama weusi wa miiba, na mwiba wao ukikatikia unyayoni siku imeharibika. Siku za maji mafu fanya kinyume chake: aogelee kwanza, atembee baadaye.

Wageni wengi wa meli huja kati ya Novemba na Aprili, na sehemu kubwa ya muda huo ni kaskazi, bahari imetulia na maji yana rangi ile ya kijani inayomfanya mtu asiamini macho yake. Jua nalo ni kali. Kwa mtu aliyetoka theluji juzi, saa moja ya saa sita mchana bila kofia inatosha kumlaza.

Hatua ya tatu: amua utavuka vipi

Mombasa ni kisiwa, Diani iko bara ya kusini, na kati yao kuna mlango wa Kilindini. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni feri ya Likoni. Maji yenyewe ni ya kuvuka kwa dakika chache tu, kinachokula muda ni foleni ya magari. Watu wa miguu hawalipi, magari yanalipa. Jambo moja linatusaidia: asubuhi umati mkubwa unatoka Likoni kuja kazini kisiwani, na jioni unarudi. Mgeni wa meli anakwenda kinyume na umati huo safari zote mbili, mradi tu arudi kabla ya jioni. Jambo jingine linatuumiza: meli kubwa ikipita mlangoni, feri husimama kuipisha. Zikiwa zinaingia na kutoka meli mbili tatu siku hiyo, foleni inarefuka pande zote.

Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, ambayo tangu 2024 inapitika hadi mwisho. Unatoka kisiwani kupitia Changamwe hadi Miritini, unavuka madaraja ya Mwache na Mteza, unatokea kwenye barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga. Ni mzunguko mrefu, lakini hausubiri chombo chochote, na ule mwonekano wa mikoko na hori ukiwa juu ya daraja la Mteza unatosha kuwa sehemu ya matembezi. Ubaya wake ni malori ya bandarini upande wa Changamwe. Ukikwama hapo, umekwama.

Mimi huenda kwa feri na kurudi kwa Dongo Kundu, au kinyume chake, kulingana na nilivyosikia asubuhi ile. Mpigie mtu aliye Likoni kabla hujaondoka bandarini. Simu ya dakika moja inakuokolea saa.

Kuna hila ya wenyeji ambayo naipenda kwa wageni wenye miguu mizima: vuka feri kwa miguu, gari likusubiri upande wa Likoni. Dereva awe wa Ukunda au Diani, asiwe wa kisiwani. Foleni ya magari haikuhusu tena. Lakini usimfanyie hivi mzee, mtu mwenye mtoto mgongoni, au mtu anayeogopa umati. Watu ni wengi, mteremko wa kuingilia feri ni mkali, na maji yakipwa unakuwa mkali zaidi. Na kamera ibaki mfukoni, bandarini na kivukoni. Walinzi hawapendi picha sehemu hizo.

Hatua ya nne: karatasi, fedha na mifuko

Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza ya kawaida ikaweka idhini ya kielektroniki, eTA, inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Mgeni wako aulize ofisi ya abiria ya meli wiki kadhaa kabla, asingoje aambiwe ngazini. Atoke na kadi yake ya meli na kitambulisho. Pasipoti abebe au aiache kulingana na watakavyomwelekeza wenyewe.

Fedha: abadilishe kidogo tu, kwa ajili ya madafu, vitafunio na bahashishi. Malipo makubwa lipa wewe kwa M-Pesa, mhesabiane baadaye.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi na fukwe zilizolindwa. Mwambie aache melini ile mifuko ya dukani, aje na kikapu au begi la kitambaa na chupa ya maji ya kujazwa tena.

Hatua ya tano: dereva

Mpatane bei ya siku nzima kabla ya tarehe, kwa maandishi ya simu, mkitaja maeneo, saa ya kuondoka Diani, na nani analipa feri na mafuta. Bei inayopatanwa langoni huku mgeni amesimama juani siku zote huwa ya juu. Mwambie dereva saa ya mwisho ya meli, na umwambie kwamba saa saba na nusu haina mjadala. Dereva mzuri wa kazi hii ndiye atakayekukumbusha saa saba na robo.

Vijana wa ufuoni watakuja na shanga, ngamia na safari za mashua. Ni watafuta riziki, wasalimie. Mwenyeji akisema "ahsante kaka, leo tuna haraka, ni watu wa meli" mara nyingi wanaelewa. Kama mgeni anataka kupanda ngalawa, wewe ndiwe wa kupatana, na muda uwe nusu saa, ukisema saa kabisa mtakayorudi.

Hatua ya sita: chagua mawili, si zaidi

Kama ningepewa mahali pamoja tu, ningekwenda Kongo. Ni mwisho wa kaskazini wa Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Juu ya ukingo, kati ya mibuyu minene, umesimama msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, na hadi leo unaswaliwa. Chini yake maji matamu na ya chumvi yanakutana. Maji yakipwa pana nafasi kubwa ya mchanga wa kutembea, na watoto wa jirani wanacheza mpira hapo. Ni nyumba ya ibada: mgeni afunike mabega na magoti, aombe ruhusa kwa walio pale kabla ya kusogea, asipige picha watu wanaoswali.

Onyo la Kongo nalitoa kwa uzoefu. Mwaka mmoja niliwavusha wageni mlango wa mto kwenda upande wa Tiwi maji yakiwa vifundoni. Tukakaa kupiga picha. Tulipogeuka maji yalikuwa kiunoni na yanavuta, tukarudi mikoba kichwani, mtoto wa watu nimembeba begani. Sikuwa nimeangalia jedwali. Sasa sivuki mlango ule ila maji yakiwa bado yanapwa, na yakigeuka tu narudi.

Pa pili hutegemea mgeni mwenyewe. Mwenye kupenda wanyama, mpeleke kwa mbega. Msitu wa pwani wa Diani ni makao ya mbega weusi wenye mabega meupe, na kituo cha Colobus Conservation, kilichoanzishwa 1997, kimewatundikia ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Hata usipoingia kituoni, endesha polepole barabara ya ufuoni ukitazama juu.

Mwenye kupenda historia na mila, mpeleke Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Unaingia na mwenyeji wa kaya, umejifunga kaniki kiunoni. Huchumi jani, huokoti jiwe, na wapendanao hawabusiani mle ndani. Utaelezwa miti ya dawa, mizizi, na kwa nini msitu ule umesimama huku mingine ikikatwa. Piga simu siku moja kabla, usitokee tu. Shemeji yangu alibaki kimya njia nzima kutoka kule, kisha akasema angeweza kuikosa bahari, lakini si pale.

Gazi ni mbali kidogo zaidi, nayo naipendekeza pale tu meli inapokaa hadi usiku au inapolala. Akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, nao ndio wanaokutembeza na kukuonyesha mkoko, mchu, muia na mlilana, kila mti na mizizi yake. Hapo ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, fedha zikirudi kwenye maji na shule za kijiji. Nina fahari kubwa na Gazi.

Wasini na Kisite, kwenye pomboo na mapango ya Shimoni? Kwa meli ya siku moja, hapana. Ni kama kilomita 75 kutoka Likoni, kisha mashua. Watakaokuahidi ni wengi, wewe rudi kwenye karatasi yako ya hesabu.

Hatua ya saba: chakula kisikuibie muda

Mezani pa hoteli mtangojea saa nzima. Asubuhi, kabla ya feri, nunua mahamri na mbaazi za nazi, mle garini au mkifika. Mchana agiza samaki kwa simu Ukunda mapema, mkute tayari: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Viazi karai kwa ukwaju vinatosha kwa mwenye haraka. Dafu litoshe kwa kinywaji, likikatwa mbele ya macho yake. Tumbo geni lisijaribiwe juisi yenye barafu siku ambayo feri inamngoja.

Kama mambo yakikataa

Ukipiga simu asubuhi ukaambiwa Likoni imefunga na Changamwe imejaa, usilazimishe. Geuka kaskazini. Vuka daraja la Nyali uende Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, magofu ya mji wa kale wa Waswahili yaliyo kando kabisa ya bahari, chini ya miti mikubwa, yenye upepo na utulivu. Kurudi hakuna kivuko. Au bakini kisiwani: Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuwa Urithi wa Dunia 2011, kisha vichochoro vya Mji wa Kale hadi kwenye bandari ya majahazi. Mgeni hatajua alichokosa usipomwambia.

Hatua ya mwisho: kurudi, na kuaga

Saa saba na nusu gari linawashwa. Mkifika kisiwani mapema, msiende langoni moja kwa moja kukaa kwenye jua. Pitieni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, chini ya mibuyu, mle mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu huku mkitazama mlango wa bahari. Kutoka hapo hadi bandarini ni mwendo mfupi, na hakuna tena maji ya kuvuka.

Kabla hujamshusha langoni, mwambie hivi: meli ikianza kutoka, asimame upande wa kushoto. Kisha wewe rudi Mama Ngina. Meli hupita hapo karibu kabisa na ukingo, feri za Likoni zikiwa zimesimama kuipisha, na watu wa kwenye sitaha wanaonekana kwa macho. Beba leso yenye rangi kali, nyekundu au manjano, aweze kukutambua. Shemeji yangu alinitambua. Tulipungiana mikono mpaka meli ilipopita mwamba na kushika bahari kuu.